Kalamu ya Simu na Ng'ombe wa Shangazi Mariana

Vumilia aliuza simu, makava, chaja, spika za masikioni na maneno. Maneno ndiyo pekee aliyoyatoa bure, tena kwa jumla. Kibanda chake kilikuwa Masumbwe, hatua chache kutoka stendi, kimebanwa kati ya duka la pembejeo na meza ya Davis, fundi simu mwenye uwezo wa kufungua simu yoyote duniani na kipaji cha kushindwa kuifunga.

Ndani ya kabati la kioo la kibanda kile kulikuwa na simu moja iliyokaa pale tangu msimu wa pamba uliopita. Vumilia aliinunua Kahama ikiwa imetumika, siku ambayo kichwa chake hakikuwa nyumbani. Ilikuwa pana kama kigae, na ukibonyeza kona yake ya chini, kalamu nyembamba inachomoka yenyewe. Wateja waliichomoa ile kalamu, wakaishangaa, wakaichomeka, halafu wakanunua simu nyingine.

"Mungu kakupa kalamu kumi mikononi," Davis alipenda kuwaambia wateja hao, kwa sauti ya kumfikia Vumilia. "Ya kumi na moja ya nini?"

"Ya kukutoboa jicho," Vumilia alimjibu. "Leta uso."

Lakini moyoni alikubaliana naye. Kalamu kwenye simu! Kama kuweka kengele ya baiskeli kwenye trekta. Yeye mwenyewe aliipatia kazi moja tu: akisuka rasta mpya na kichwa kikaanza kuwasha, aliipenyeza kati ya mistari ya nywele akajikuna huku amefumba macho. Kwa kazi hiyo ilikuwa kalamu nzuri sana.

Mwaka huo shangazi yake, Mariana, alikuwa anakaa kwake. Hakuja kutembea. Aliletwa na bodaboda, mguu wa kulia umefungwa plasta ngumu kuanzia pajani, baada ya kutumbukia kwenye shimo katikati ya shamba lake mwenyewe. Watu wa dhahabu walikuja, wakachimba, hawakuona kitu, wakahamia kwingine, na shimo wakaliacha likiota nyasi mdomoni kama kinywa cha mzee mwenye ndevu. Mariana alikuwa anafuata kuni. Alikaa mle chini tangu asubuhi hadi jua la saa nane, na alipotolewa, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza nani amewanywesha mbuzi.

Ndiyo alivyokuwa. Alizaliwa upande wa Ushirombo, kwenye nyumba ya Kikatoliki yenye mabinti watupu wakati huo, na baba ambaye alikuwa bado hajapata mtoto wa kiume wa kumkabidhi fimbo ya kuchungia. Fimbo akapewa yeye, akiwa na miaka saba. Shule aliisoma mpaka darasa la pili, kisha siku moja ng'ombe mmoja akapotea wakati yeye yuko darasani, na baba akaamua kuwa kati ya viwili hivyo kimoja kinatosha. Basi akakulia nyuma ya mikia. Wenzake walikuwa wanaandika a, e, i, o, u. Yeye alichukua kijiti akachora ng'ombe kwenye vumbi, wale aliokuwa nao mbele yake, mmoja mmoja. Jioni mvua au kwato ziliwafuta, asubuhi akawachora upya. Mara moja aliwachora kwa mwiba kwenye ukuta wa nyumba uliokandikwa siku hiyo hiyo. Mama yake alimchapa, halafu baba akapita, akasimama, akawataja ng'ombe wote wa ukutani kwa majina yao, akaingia ndani bila kusema kitu kingine. Ukuta haukukandikwa tena mwaka ule.

Aliolewa, akafiwa. Na alipofiwa aliona jinsi mashemeji walivyokuwa wanaliangalia zizi kuliko walivyoliangalia kaburi. Kabla matanga hayajaanuliwa aliwaswaga ng'ombe wake akawapeleka kwa Maige, rafiki wa marehemu mume wake, aliyeishi mashambani huko ng'ambo ya Kagongwa. Maige akawapokea. Ili mashemeji wasije wakawatambua, Mariana alimwomba awapige chapa yake, na Maige akawapiga, wakachanganyika na wa kwake wakawa zizi moja. Maziwa yakawa ya Maige kwa kazi ya kuchunga, ng'ombe na uzao wao wakabaki wa Mariana. Mkataba huo waliujua watu wawili tu, na uliandikwa mahali pale pale inapoandikwa mikataba yote ya namna hiyo: hakuna mahali.

Miaka kumi na moja. Kila kiangazi Mariana alikwenda, akalala siku mbili, akatembea katikati ya ng'ombe wake akiwagusa migongo, akarudi. Mwaka jana Vumilia alimwambia, "Shangazi, chukua simu, kawapige picha. Dunia imebadilika." Mariana akamtazama kana kwamba kamwambia akamkague Maige mifukoni.

"Nikampige picha mtu anayenitunzia? Atasema nimemwona mwizi."

Ikaishia hapo. Kiangazi kilichofuata mguu ukavunjika, hakwenda kabisa.

Habari zilikuja Jumanne, saa tano asubuhi, kwa simu ya mwenyekiti wa kijiji cha kina Maige, mzee mmoja aitwaye Ngassa, aliyekuwa akimwona Mariana zizini kila kiangazi. Maige amefariki wiki mbili zilizopita. Ameshazikwa. Mtoto wake mkubwa, Masele, ambaye ujana wake wote ameumalizia kwenye machimbo ya Geita, amerudi kushika mji. Nyasi zimekwisha, na kesho alfajiri zizi lote linaondoka kwenda kutafuta malisho Katavi. Kama Mama Mariana ana neno lolote kuhusu ng'ombe, ni leo.

Mariana alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kibanda, mguu wake mweupe umelazwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alimlilia Maige kwanza. Alilia kimya, kwa ncha ya kitenge, kama dakika tano. Kisha akasema, "Nipe huyo mtoto wake."

Vumilia akaweka spika. Davis akaacha kuyeyusha risasi ya kulehemu.

"Mayu, shikamoo," sauti ya Masele ikamwita mama kwa Kisukuma, nyuma yake ng'ombe wanalia.

"Marahaba, ng'wana wane, mwanangu. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Mayu, naambiwa unasema una ng'ombe hapa kwetu."

"Sisemi. Ninao."

"Wangapi?"

Mariana akakunja uso. "Ng'ombe wangu siwahesabu."

"Sasa mayu, mtu asiyejua idadi ya mali yake..."

"Idadi ni ya matofali. Ng'ombe ninawajua."

Vumilia alijipiga kofi la paji. Kwa wazee wao ilikuwa hivyo, kumtaja ng'ombe kwa namba ni kumwita fisi, lakini huu haukuwa wakati wake.

"Haya, nitajie mmoja," Masele akasema.

"Mwekundu, ana baka jeupe kwenye paji."

"Mayu, wekundu wenye baka jeupe kwenye paji hapa wanajaza lori."

"Wa kwangu baka lake limevunjika."

"Limevunjikaje?"

Mariana akanyoosha mkono akachora hewani mbele ya simu. "Hivi, halafu linaingia huku, halafu linakatika."

Hata ng'ombe wa upande wa pili walinyamaza. Davis akageukia ukuta, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Masele akavuta pumzi. "Mayu, nisikilize bila kunikasirikia. Mimi si mwizi. Lakini tangu tumzike mzee wamekuja watu watatu, kila mmoja ana ng'ombe wake humu, kila mmoja aliahidiana na mzee kwa mdomo, na mzee mdomo wake tumeshaufukia. Wote wana chapa yetu. Nifanyeje? Mwenyekiti yuko hapa shahidi. Nionyeshe walivyo, mmoja mmoja, kabla hujaletewa picha yoyote. Wale utakaowapatia nitawatenga ni wako. Ila ukimkosea hata mmoja, nitahesabu umewakosea wote."

"Mama Mariana, mimi nimeona ni haki," Ngassa akaingilia.

"Ni haki," Mariana akasema. Simu ikakatwa.

Vumilia alileta karatasi na kalamu ya wino. Mariana akachora, na mchoro ulikuwa ng'ombe kweli, lakini ng'ombe wa bluu. Nusu ya utambulisho wa ng'ombe ni rangi, na si rangi kwa maana ya nyekundu na nyeusi tu. Kuna wekundu wa kichuguu, wekundu wa maharage, na wekundu wa mdomo wa mtoto aliyelia. Mariana aliikunja karatasi akaikalia.

Vumilia akatoa simu yake mwenyewe, akafungua ukurasa wa kuchorea wenye rangi. "Tumia kidole, shangazi."

Kidole gani sasa. Kidole cha Mariana kilikuwa kimekamua, kimelima, kimepura na kusuka kamba kwa miaka hamsini. Ngozi ya ncha yake ilikuwa ngumu kama soli, na kioo hakikumjua. Aligusa, kioo kikalala. Akagusa kwa nguvu, kikaamka kikafungua kamera, ikampiga picha ya kidevu. Na pale kilipokubali, kidole chenyewe kilikuwa kinene kuliko ng'ombe mzima. Akiweka sikio, linazaliwa bega, na hakuona anachofanya kwa sababu mkono wake mwenyewe ulikuwa umekaa juu ya mchoro. Alifuta mara nne. Mara ya tano akairudisha simu mapajani kwa Vumilia.

"Hiki ni kupapasa," akasema. "Mtu hachori kwa kupapasa. Huna kijiti?"

Vumilia akamtazama. Kisha akatazama kabati la kioo. Kisha, kwa aibu ambayo hakutaka Davis aione, akaichomoa ile kalamu, akaifuta mafuta ya nywele kwenye sketi, akampa shangazi yake pamoja na kigae chake.

Mariana hakuishika kama mwanafunzi anavyoshika kalamu. Aliishika mbali, karibu na mwisho wake, kwa vidole vitatu, kama mtu aliyechutama na kijiti mbele ya vumbi. Akagusa kioo kidogo tu. Mstari mwembamba ukatoka. Akakandamiza, mstari ukanenepa. Akakandamiza na kulegeza, na mstari ukanenepa na kukonda kama unavyohema. Aliguna, "Hee," basi. Halafu akaweka ncha sehemu moja na kuivuta: nundu, mgongo, nyonga, mkia, bila kuinua mkono, mara moja. Ng'ombe alikuwa bado hana miguu wala kichwa na tayari ungesema ni jike na ameshazaa.

Davis alikuja akasimama nyuma yao, bisibisi mkononi.

Tabu ikawa rangi. "Hii nyekundu ya soda," Mariana akasema kwa kila nyekundu aliyopewa. "Ng'ombe gani wa soda?" Vumilia akakumbuka kuwa mle ndani kuna kitone cha kufyonza rangi kutoka kwenye picha. Kumbe hicho ndicho kilichokosekana. Davis, yule yule wa kalamu kumi, akageuka tarishi. Alipiga picha tofali lililochomwa, akaleta. "Karibu," Mariana akasema, "liwe na njaa kidogo." Akapiga picha maharage kwenye sufuria ya mama lishe, majivu ya jiko lake, chai ya maziwa kwenye kikombe cha mteja ambaye bado alikuwa anainywa. Mteja akauliza kuna nini, akajibiwa aje aone, akaja na kikombe chake. Wa pili akaja kuona wa kwanza anaangalia nini.

Ng'ombe mwekundu alipokamilika, baka la paji lilikuwa limevunjika kwa namna ambayo ulimi wa mtu usingeweza kueleza: linashuka, linasita, linapinda kulia, na linakatika kama njia iliyoingia mtoni. Vumilia akamhamishia kwenye simu yake mwenyewe, akamtuma kwa Ngassa kwa wasapu, akapiga tena na kuweka spika. Vitiki viwili vikageuka bluu. Wakasubiri. Ilichukua muda wa mtu kutembea ndani ya zizi akisukuma mapaja ya ng'ombe.

"Yupo," sauti ya Ngassa ikasema. Halafu, chini chini, kama amesahau simu iko hewani: "Masele, tazama hapa kwenye paji. Tazama."

Kuanzia hapo Mariana hakumtazama mtu. Alichora wa kijivu mwenye madoadoa ya kanga, na Vumilia alidhani madoa yametupwa tu, mpaka alipomwona shangazi anafuta doa moja na kulisogeza upana wa ukucha. Ndani ya sikio la kushoto la ng'ombe yule akaweka tone jeusi dogo kama punje ya mtama. Hapo ndipo Vumilia alipoielewa kalamu. Hakuna kidole cha binadamu, hata cha mtoto mchanga, kingeweza kuweka tone lile mahali pale.

"Yupo," Ngassa akasema. Kisha: "Masele amemfunua sikio. Lipo."

"Alizaa huyo?" Mariana akauliza.

Masele mwenyewe akajibu. "Ana ndama jike, wa masika."

"Mguu wa nyuma wa kulia, amevaa soksi nyeupe?"

Ndama akasikika akilia, ameshikwa mguu. "Amevaa. Mayu, nani amekwambia? Ndama huyu hujawahi kumwona."

"Mama yake anayo, bibi yake alikuwa nayo. Angeitoa wapi asiwe nayo?"

Watu waliosimama nyuma ya kiti cha plastiki walikuwa wameanza kunong'ona kama wako kanisani. Mariana akachora mweupe mwenye pembe iliyolala. Yupo. Akachora wa rangi ya chai, mwenye mstari mweusi mgongoni. Huyo Masele akambishia.

"Yupo anayefanana, lakini ana kovu kubwa begani. Wewe hukuchora kovu."

"Kovu la nini?"

"Naambiwa alichanwa na seng'enge, mwezi wa nne."

"Hilo mmempa nyinyi," Mariana akasema. "Mimi sikumkabidhi nalo."

Ngassa akacheka mpaka akakohoa. Masele naye, inaelekea hakutaka, lakini ilimtoka.

Katikati ya hayo Vumilia alichukua simu kidogo ili Mariana anywe maji, na kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi, akajaribu. Alichora ng'ombe mmoja kwenye kona. Kalamu ile ile, kioo kile kile, rangi zile zile zilizofyonzwa kwa jasho la Davis. Akapata dumu la maji lenye miguu minne na masikio. Alilifuta haraka, lakini Davis alishaliona, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakusema kitu. Jamaa mmoja wa machimboni, saa kubwa mkononi, akauliza simu hiyo bei gani. "Haiuzwi," Vumilia akasema, akajishangaa mwenyewe.

Walipofika wa nane, wote wakiwa wamekubaliwa, Vumilia alishusha pumzi. Yeye hakukulia kwenye fimbo, alikuwa anahesabu kimoyomoyo tangu mwanzo. Akaanza kusema asante Mungu. Mariana akafungua ukurasa mwingine mtupu.

"Bado mmoja," akasema. "Dume."

Vumilia akapiga magoti pembeni ya ndoo, akashusha sauti. "Shangazi, huyu tumwache."

"Kwa nini?"

"Una mwaka hujaenda. Dume huuzwa. Dume huibiwa. Dume hufa kwa kupe. Ukimtuma akakosekana, umepoteza wote wanane. Masele alisema. Wanane wanatosha, shangazi, tafadhali."

Mariana alimtazama kwa upole ambao Vumilia hakuuzoea. "Mama yake alikufa wiki ile ile aliyomzaa. Nilimnywesha kwa chupa ya soda, nililala naye jikoni. Sasa niseme simjui? Kwa kosa gani?"

"Kwa sababu..."

"Sogea, unanizibia mwanga."

Dume lile lilimchukua muda kuliko wote. Alikuwa mweusi, lakini Mariana alikataa nyeusi ya simu, akataka nyeusi yenye wekundu chini yake, ile inayoonekana jua likimpiga ng'ombe ubavuni. Davis alizunguka stendi nzima akaipata kwenye tairi kuukuu lenye vumbi. Kifuani akamwekea baka jeupe, kama maziwa yaliyomwagika yakakimbilia kushoto, yenye ncha tatu, ya katikati fupi. Kisha begani akaweka kizunguzungu cha manyoya, kile ambacho ng'ombe anakuwa nacho kama mtoto anavyokuwa nacho utosini, na kwa hicho aligusa kioo kwa wepesi mpaka Vumilia akadhani hakiguswi. Unywele mmoja, unywele mmoja, unywele mmoja. Watu ishirini walikuwa wamesimama pale na hakuna aliyekohoa. Yule mteja wa kikombe cha chai alikuwa ameishika mpaka imepoa.

Vumilia akabonyeza kutuma kwa kidole chake. Kidole kizuri, laini, kinachotambuliwa na kioo.

Vitiki vikageuka bluu. Dakika moja. Mbili. Tano.

"Mama Mariana," Ngassa akasema polepole. "Huyu hatumwoni."

"Tazameni tena."

"Tumelipitia zizi lote mara mbili, mayu," Masele akasema, na sauti yake haikuwa ya kushinda, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Dume mweusi wa hivi hayupo. Nilisema mapema, na mwenyekiti ni shahidi."

Vumilia aliiweka simu mapajani. Wanane, na ndama wa soksi, na miaka kumi na moja. Vyote kwa ajili ya ng'ombe mmoja aliyekataa kusahauliwa. Alitaka kugombana na shangazi yake na alitaka kumkumbatia, na hakujua aanze na kipi.

Mariana hakutikisika. "Mimi sikumtoa. Nilimwacha hapo kwenu. Kama hayupo, nyinyi ndio mnajua alikokwenda."

Simu haikukatwa. Upande wa pili ilisikika sauti ya mwanamke mzee ikiuliza kitu kwa Kisukuma, na Ngassa akimjibu, "Njoo umwone mwenyewe, mama Masele." Hatua. Upepo. Kisha yule mama akasema neno moja, fupi, kama mtu aliyeguswa na kitu cha moto.

"Mayu." Ilikuwa sauti ya Masele, lakini imepungua. "Hili baka la kifuani. Ncha ya katikati ni fupi?"

"Ndivyo nilivyochora."

"Mimi nilikuwa nimeshika upande wa kifua." Akarudi mwanzo. "Siku ya maziko tulichinja dume, kama mila inavyotaka kwa mwenye mji. Nilimchagua mimi, nilijua ni wetu. Mzee tulimlaza kwenye ngozi yake. Wanne tuliishika kumshusha, na mimi nilishika upande wa kifua. Hilo baka lilikuwa chini ya mikono yangu hii. Mayu, hiyo ngozi iko chini ya ardhi. Hakuna mtu duniani angeweza kukuonyesha."

Mbele ya kibanda, mwanamke mmoja alifanya ishara ya msalaba. Davis alivua kofia yake, kisha hakujua aifanyie nini, akaishikilia tumboni.

Mariana aliitazama picha ya dume lake kwenye kioo. Macho yalimjaa lakini hayakumwagika. Alipitisha ncha ya kalamu juu ya lile bega, bila kukandamiza, bila kuacha mstari, kama mtu anayempapasa.

"Kwa hiyo Maige amelala juu ya wangu," akasema.

"Ndiyo, mayu. Nisamehe. Nitakupa dume mwingine, chagua umtakaye humu ndani."

"Sitaki mwingine. Huyo alikuwa na manyoya laini tangu utotoni, hatamkwaruza mgongo. Mwacheni hapo hapo."

Upande wa pili mwanaume mzima wa machimbo alikuwa anavuta makamasi. Ngassa akachukua simu akasema kwa sauti ya baraza, kwamba yeye mwenyekiti ameshuhudia, na ng'ombe wote waliochorwa, pamoja na ndama, ni wa Mama Mariana, na atakayebisha aje abishane naye yeye. Kisha akarudisha simu.

"Wabeja, mayu, asante sana," Masele akasema. "Nawatenga sasa hivi. Nitatafuta mtu awalete Masumbwe."

Mariana aliutazama mguu wake mweupe juu ya ndoo, kisha barabara, kisha vumbi la stendi ambalo halikuwa na jani hata moja.

"Huko Katavi nyasi zipo kweli?"

"Zipo mpaka magotini, wanasema."

"Na wewe unajua kuchunga, au unajua kuchimba tu?"

"Nilichunga na mzee mpaka nilipotimiza miaka kumi na sita. Mengine najifunza upya."

"Basi nenda nao," Mariana akasema. "Maziwa ni yako, kama ilivyokuwa kwa baba yako. Ila sikiliza. Wa kijivu hapendi kutangulia kuvuka mto, atawageuza wote, mweke katikati. Wa pembe iliyolala haoni vizuri jicho la upande huo, usimpigie kelele ukiwa kulia kwake. Na huyo mliyemchana kwa seng'enge..."

"Ngoja, mayu, ngoja," Masele akasema, na ilisikika anapekua mifuko. "Ngoja nitafute cha kuandikia."